Kelele za "Mwizi!" Marikiti: Jinsi Kinga ya Mwili Inavyoitana Kupigana na Saratani

Somo letu la mara hii limetokana na swali ambalo sisi wenyewe tuliulizwa, na siku ile hatukuweza kulijibu.

Tulikuwa tumekwenda Marikiti, pale Barabara ya Digo, Mombasa, kukaa na kikundi cha akina mama na vijana wanaouza viungo, nazi na mboga. Jambo la kuzungumza lilikuwa moja tu. Mwanachama mmoja, mama wa makamo anayeuza bizari na iliki, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliuona mapema, akanyamaza. Halafu mtu akamletea mkebe wa unga, akamwambia ati unga huo "unaamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka yenyewe inakula kansa yote." Mkebe mmoja ni shilingi 3,500. Alikuwa amekwisha kula mikebe miwili, na uvimbe uko pale pale. Sasa alikuwa anaomba mkopo wa pili kutoka mfuko wa dharura anunue miwili mingine. Mfuko mzima ulikuwa na shilingi 19,000.

Mweka hazina akatugeukia akasema, "Si kwamba twamnyima, dada zangu. Huyu ni mwenzetu. Twataka kujua tu: hiyo kinga yaweza kuua kansa kweli, ama ni maneno ya kuuzia?"

Mzee mmoja hamali akaongeza, "Wanangu, msitufiche. Kama ni kweli, tumpe. Kama si kweli, semeni."

Tuliomba muda wa wiki mbili. Tukaenda kuwauliza wauguzi na madaktari, tukasoma, kisha tukarudi Marikiti na somo hili. Jibu kwa ufupi ni hili: ndiyo, kinga ya mwili yaweza kuua saratani, na leo kuna matibabu makubwa yaliyojengwa juu ya jambo hilo. Lakini kinga haifanyi kazi kwa kupiga kelele ovyo. Inafanya kazi kwa kuitana vizuri: ujumbe unaofaa, mahali panapofaa, kwa kipimo kinachofaa. Mtu asiyeweza kueleza hayo matatu anauza maneno.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo wanachama waweze:
1. Kueleza kwa maneno yao jinsi chembe za kinga zinavyoitana.
2. Kutofautisha matibabu yaliyopimwa na ahadi za sokoni.
3. Kuamua kama kikundi namna ya kutumia mfuko wa dharura mwenzao akiugua.

Vitu vinavyohitajika: ubao au karatasi kubwa, gunia moja, na koti la hamali. Muda: saa moja na nusu.

HATUA YA KWANZA: SARATANI NI MTOTO WA NYUMBA

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo sana, wengine huziita seli. Kila chembe ina kazi yake. Huzaana pale inapoagizwa, na muda wake ukiisha hufa, nyingine ikachukua nafasi.

Saratani, au kansa, huanza pale chembe moja ya mwili wetu wenyewe inapoharibika na kuacha utaratibu. Inazaana bila kuagizwa. Inakataa kufa. Mwishowe inaingia vyumba visivyo vyake: kutoka kwenye titi kwenda kwapani, kutoka kwapani kwenda kwenye mapafu au mifupa.

Vidudu vya malaria hutoka nje, basi askari wa mwili huvitambua kuwa ni wageni. Saratani ni mtoto wa nyumba. Sura yake yafanana na ya wenzake, na ndiyo maana askari hupata taabu kuijua. Hata hivyo, chembe iliyoharibika mara nyingi huwa na alama fulani zisizo za kawaida kwenye ngozi yake ya nje. Askari mwenye macho makali aweza kuziona.

HATUA YA PILI: IGIZO LA SOKONI

Mwezeshaji aombe watu sita wacheze igizo hili. Mmoja ni mwizi. Mmoja ni muuzaji anayemwona. Wengine ni mahamali na wachuuzi. Mwizi anachukua kitu, anakificha guniani. Muuzaji anapiga kelele, "Mwizi!"

Kisha ulizeni: ni nini kilichotokea? Pale Marikiti walijibu upesi. Mmoja akasema, "Mtu mmoja ameona, lakini soko zima limejua." Mwingine akasema, "Aliyeona si lazima awe ndiye mwenye nguvu ya kushika." Maneno hayo ndiyo moyo wa somo letu.

(Tunasema wazi: tunatumia mfano tu. Kumpiga mtu sokoni hadi kufa ni dhambi, tena ni kosa mbele ya sheria.)

Ndani ya mwili, chembe za kinga hazina mdomo. Zinaitana kwa protini ndogo sana. Wataalamu huziita saitokaini. Chembe moja huitoa protini hiyo nje, nayo huelea hadi kwenye chembe nyingine na kukaa kwenye mahali pake maalumu, kama ufunguo unavyokaa kwenye kufuli. Ikikaa, chembe ile inapata agizo: njoo, zaana, shambulia, au tulia.

Hebu tuziangalie sauti nne zinazohusika na saratani.

Ya kwanza ni intaferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 mjini London na watafiti wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walipokuwa wakichunguza virusi. Ziko za aina kadhaa. Ile iitwayo intaferoni ya gama hutolewa na askari wenyewe, na ujumbe wake kwa chembe za jirani ni kama kusema, "Fungueni magunia tuone!" Chembe ya saratani ikiusikia, huanza kutoa nje vipande vya protini zake za ndani. Hapo askari huona kilichofichwa.

Ya pili huitwa TNF. Hii yaweza kuichoma na kuidhoofisha chembe ya saratani hata ambayo askari hajaigusa.

Ya tatu ni intaliyukini ya 2. Hii inawaambia askari, "Ongezekeni!" Askari kumi wanakuwa mamia.

Ya nne ni intaliyukini ya 15. Hii inawapa askari uhai wa kuendelea na kazi, wasichoke na kufa mapema.

Askari mkuu katika vita hivi ni chembe T. Akimkamata mhalifu, humgusa mwili kwa mwili, humtoboa na kumtia sumu inayomuua. Lakini hapo hapo hutoa intaferoni na TNF, na sauti hizo zinasambaa kwa majirani. Kwa hiyo askari mmoja anaua aliye mkononi mwake, na sauti yake inasaidia kuwafichua na kuwadhoofisha wengine walio karibu. Bila sauti, kila askari angepigana peke yake gizani.

HATUA YA TATU: MWIZI ALIYEVAA KOTI LA HAMALI

Sasa rudieni igizo. Safari hii, kelele ikipigwa, mwizi avae upesi koti la hamali na kusema, "Mimi wa hapa hapa, jamani!" Watu watampita.

Saratani hufanya hivyo hivyo. Chembe T ina breki mwilini mwake, iitwayo PD-1. Breki hiyo si mbaya. Bila breki, askari wangeshambulia hata chembe nzima za mwili. Lakini saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo: inavaa protini nyingine, PD-L1, ambayo ikigusana na askari inamwambia, "Tulia, ni mwenzako." Tena ajabu ni kwamba ile intaferoni ya gama, sauti ya "fungueni magunia," huifanya saratani iharakishe kuvaa koti lake. Kelele inamfichua mwizi na pia inamzindua.

Watafiti wawili, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walitumia miaka mingi kuchunguza breki hizi, na mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Nobeli. Dawa ya kwanza ya kuondoa breki iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, kwa saratani mbaya ya ngozi. Dawa hizi hazimuui mwizi. Zinamvua koti tu, ili askari walioitwa wafanye kazi yao.

Lakini zinawafaa wagonjwa wengine, na wengine hapana. Sababu moja ni kwamba kuna uvimbe ambao askari hawajaingia kabisa ndani yake. Hakuna aliyepiga kelele. Ukiondoa breki kwenye gari lisilo na dereva, halitakupeleka kokote. Ndiyo maana watafiti leo wanahangaika kuunganisha mambo mawili: kuondoa breki, na kuongeza sauti za kuwaita askari hadi ndani ya uvimbe.

HATUA YA NNE: KOVU LILILO MKONONI MWAKO

Hebu kila mtu atazame mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko. Wengi wetu tuliozaliwa Kenya tuna kovu dogo hapo. Ni alama ya chanjo ya BCG, tuliyochanjwa utotoni tukingwe na kifua kikuu kikali. Chanjo hiyo ina mambo mawili ya kutufundisha kuhusu saratani, na moja lilitokea hapa jirani, Uganda.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya saratani ya watoto inayovimbisha taya. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikafunguliwa pale Mulago. Madaktari waliona kwamba dawa za saratani ziliweza kuuyeyusha uvimbe huo, na watoto wengi walipata nafuu. Shida ni kwamba kwa baadhi yao ulirudi. Wakajiuliza: tukiwapa BCG iamshe kinga yao, je, utazuilika? Wakapima kwa uangalifu, wakilinganisha waliopewa na wasiopewa. Mwaka 1976 madaktari Ian Magrath na John Ziegler walitangaza matokeo: BCG haikusaidia.

Mwaka huo huo wa 1976, daktari Alvaro Morales wa Kanada alitangaza jambo jingine. Yeye aliitia BCG ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wenye saratani ya kibofu iliyokuwa bado juu juu. Safari hii uvimbe ulipungua kurudi. Matibabu hayo yanatumika duniani hadi leo. Dawa hupitishwa kwa mpira mwembamba, hukaa kibofuni kama saa mbili, na kwa kawaida hurudiwa kila wiki kwa wiki sita. Ukuta wa kibofu unawaka, chembe zake zinatoa zile sauti tulizozitaja, askari wanakuja pale pale saratani ilipo.

Mnaona, ndugu zetu? Chanjo ni ile ile. Kwa ugonjwa huu haikufaa, kwa ule ikafaa. Hakuna ambaye angejua bila kupima. Na kwa wale ambao BCG peke yake imeshindwa, mwaka 2024 Marekani iliruhusu dawa inayoiga ile intaliyukini ya 15, itiwe kibofuni pamoja na BCG. Yaani sauti imeongezewa sauti, na zote mbili zimepigwa mlangoni kwa mwizi.

Angalizo: chanjo uliyochanjwa utotoni haikukingi na saratani. Asitokee mtu kusema amesoma hapa kwamba mwenye kovu hapati kansa.

HATUA YA TANO: TUKUMBUKE KEMRON

Wazee walio kwenye kikundi watakumbuka. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba watafiti wa Kenya, wa taasisi ya KEMRI, wamepata dawa ya kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Iliitwa Kemron. Nchi ilijaa matumaini. Wakati huo hapakuwa na dawa za kupunguza makali kama za leo, na kila kijiji kilikuwa kinazika.

Kemron ilikuwa nini? Ilikuwa intaferoni, ile ile sauti yetu ya kwanza, ya aina iitwayo alfa, kwa kipimo kidogo sana, ikiyeyushwa mdomoni. Majaribio yaliyofanywa baadaye katika nchi kadhaa hayakuthibitisha ile ahadi.

Je, intaferoni ni uongo basi? Hapana. Intaferoni ya alfa hiyo hiyo, kwa sindano na kwa vipimo vikubwa zaidi, ilikuwa imeruhusiwa Marekani mwaka 1986 kwa aina moja ya saratani ya damu, na mwaka 1988 kwa saratani ya Kaposi, ile ya madoa na uvimbe wa ngozi, kwa wagonjwa wa UKIMWI. Iliwafaa baadhi yao, ingawa kwa homa na uchovu mwingi. Jina moja, protini moja, lakini kipimo tofauti, njia tofauti, ugonjwa tofauti.

Hatulisemi hili kuwacheka watafiti wetu. Kujaribu ni kazi ya mtafiti. Somo ni kwamba tangazo, hata likitolewa na mkubwa namna gani, si ushahidi. Ushahidi ni pale wagonjwa waliopewa dawa wanapolinganishwa na wasiopewa, na hesabu ikawekwa wazi kila mtu aione.

HATUA YA SITA: KELELE IKIZIDI

Ulizeni kikundi: soko zima likija mbio kwa kelele moja, nini hutokea? Watajibu wenyewe: meza zinapinduka, nyanya zinakanyagwa, na asiye na hatia anaumia.

Mwili nao ni hivyo. Intaliyukini ya 2 iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo. Wagonjwa wachache waliponea hapo. Lakini kwa kipimo kikubwa, mishipa ya damu huvuja, shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa huhitaji kulindwa hospitalini usiku na mchana.

Mwaka 2012, huko Philadelphia, mtoto mmoja wa kike mwenye saratani ya damu alitibiwa kwa chembe T zake mwenyewe. Zilitolewa, zikafundishwa kwenye maabara kuitambua saratani, zikarudishwa mwilini. Zilifanya kazi kwa nguvu mno hata sauti zikawa dhoruba, na mtoto akakaribia kufa. Madaktari wakapima damu, wakaona sauti moja imepanda kupita kiasi: intaliyukini ya 6. Wakampa dawa ya kuiziba sauti hiyo. Akapata nafuu, na saratani ikatoweka.

Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yake "inaongeza kinga bila kipimo wala madhara," ujue hajui anachokisema. Kinga yenye nguvu ya kuua saratani ina nguvu ya kuumiza pia. Ndiyo maana inashikwa kwa mikono miwili.

MASWALI MATATU YA KUMWULIZA MUUZAJI

Tulipofika hapa, mweka hazina wa Marikiti alichukua chaki akaandika mwenyewe ubaoni. Tumeyanyoosha kidogo tu.

1. Dawa hii ni ya saratani gani? Anayesema "zote" hajibu swali. Saratani ya titi si ya kibofu, na ya kibofu si ya damu.
2. Ilipimwa kwa wagonjwa gani, ikalinganishwa na nini? Ushuhuda wa "jirani yangu alipona" hautoshi. Hata Burkitt asingetosheka nao.
3. Kipimo ni kipi, na madhara yake ni yapi? Asiyejua madhara ya dawa yake hajawahi kuichunguza.

Ongezeni na la nne, la mfukoni: akisema uache hospitali ndipo dawa yake ifanye kazi, ondoka.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Lazima tuseme ukweli. Matibabu haya mapya ya kinga ni ghali sana, na bei imeyaweka mbali na wengi wetu. Tusidanganyane kwamba kesho yatakuwa dukani Marikiti. Lakini si kwamba hakuna la kufanya. Upasuaji, dawa na miale huponya saratani nyingi zikiwahiwa, na saratani iliyowahiwa haihitaji muujiza.

Zamani mgonjwa wa Pwani aliyehitaji miale kwenye hospitali ya umma alilazimika kupanda basi hadi Kenyatta, Nairobi. Siku hizi Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, ina kituo cha saratani. Kutoka Marikiti ni mwendo wa miguu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

- Kila kikundi kijue dalili hizi: uvimbe kwenye titi au kwapani; damu ukeni baada ya kujamiiana au baada ya hedhi kukoma; kidonda kisichopona; taabu ya kumeza inayoongezeka; damu kwenye mkojo. Ndugu zetu wa Kwale, Kilifi na Tana River, ambako kichocho kipo, msizoee mkojo wa damu. Kichocho cha muda mrefu chaweza kuleta saratani ya kibofu. Nendeni mkapimwe na kutibiwa.
- Akina mama wa miaka 25 hadi 49 waende kupimwa mlango wa kizazi. Kwenye vituo vingi vya afya kipimo ni cha siki tu, na jibu hupatikana hapo hapo.
- Wasichana wa miaka 10 hadi 14 wapate chanjo ya HPV. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019. Chanjo hii ni njia ya kuwaonyesha askari picha ya adui kabla hajafika.
- Kila mwanachama ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na aulize hospitalini ni kiasi gani kinalipwa kwa mgonjwa wa saratani. Msingoje mtu augue.
- Mfuko wa dharura uwe na sheria iliyoandikwa. Kwanza ulipe nauli na vipimo, ndipo mengine yafikiriwe. Mara nyingi mgonjwa hukwama kwa kukosa nauli na pesa ya kipimo cha kwanza.

TULIVYOMALIZA MARIKITI

Yule mama wa bizari alikaa kimya somo lote. Watu walipokwisha kusema, mzee hamali akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na wewe wasemaje?"

Akasema, "Mimi sikuogopa kansa. Niliogopa kupelekwa hospitali nikawa mzigo kwenu. Ule unga nilikuwa naununua kimya kimya, hakuna aliyejua."

Kikundi kilikataa mkopo wa unga. Badala yake kiliamua bila kura kwamba mfuko ulipe vipimo, na akina mama wawili wafuatane naye kila siku ya hospitali, huku wengine wakimlindia meza. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kufika kwapani. Alianza matibabu. Tunapoandika haya bado yumo matibabuni. Siku akiwa na nguvu huja kuuza. Siku akikosa nguvu, meza yake haifungwi.

Hatuwezi kuwaambia itakwishaje. Twaweza kuwaambia tu kwamba miezi aliyonyamaza ndiyo iliyomgharimu zaidi kuliko zile shilingi 7,000. Ndani ya mwili wake askari walikuwepo, lakini kelele haikupigwa ipasavyo. Nje ya mwili wake nasi tulikuwepo, na yeye hakutuita. Mwenye kuona uvimbe, apige kelele mapema. Sisi wengine, tuwe soko linaloitika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini askari wa mwili huitambua malaria kwa urahisi kuliko saratani?
2. Mfano wa koti la hamali unatufundisha nini kuhusu breki za kinga?
3. BCG haikufaa Kampala kwa saratani ya taya, ikafaa Kanada kwa saratani ya kibofu. Jambo hili linatupa tahadhari gani tunaposikia "dawa ya kinga"?
4. Kwenye kikundi chetu, mtu akiona uvimbe leo, atamwambia nani kwanza? Kama hana wa kumwambia, tufanye nini?
5. Mfuko wetu wa dharura una sheria gani juu ya ugonjwa? Katibu aisome. Kama haipo, iandikwe kabla ya mkutano kufungwa.